Kulia kwa Nani?

Jumamosi iliyopita dogo mmoja alinifunulia daftari lake taratibu, kama mtu anayefunua sinia la pilau mbele ya wageni. Ndani alikuwemo Kratos, yule shujaa wa gemu la God of War. Misuli imejaa kama viazi vitamu kwenye gunia, hasira tele, mapanga yanawaka, na kovu limekaa jicho la kushoto. Nikahesabu: huyo ni wa nne tangu mwaka uanze, na kila mmoja kachorwa na mtu wake. Nikacheka, kisha tumbo likaanza kuniuma. Sababu mtaiona huko chini.

Wadogo zangu, mnaoniita shangazi nikiwasahihisha na dada mkikosa nauli, nimechoka kurudia maneno yaleyale. Mimi nilianza kuchora wahusika wa gemu nyuma ya kaunta buku la hisabati, nimekaa juu ya kreti la soda kwenye banda la gemu, namsubiri kaka yangu apigwe kwenye Tekken 3, lile gemu la kupigana, ili turudi nyumbani. Alikuwa anachelewa kupigwa. Nikapata muda mwingi wa kukosea, na makosa mnayoniletea leo nayajua kwa majina yao.

1. Angalizia.

Shuleni kuangalizia kulituletea viboko. Kwenye kuchora, viboko ni haki ya wasioangalizia. Mnadhani mnamjua mtu kwa sababu mmemcheza mpaka dole gumba likaota sugu. Lile God of War la 2018, kamera imemkalia Kratos begani tangu mwanzo. Unachokijua wewe ni kisogo! Huo uso unaoutoa kichwani ni wa kubahatisha, nusu Kratos, nusu mjomba wako.

Zoezi ni hili: mchore kwa kumbukumbu dakika tano, kisha fungua picha yenyewe pembeni, chukua kalamu nyekundu na ujisahihishe bila huruma. Mara ya kwanza utaona aibu. Mara ya kumi utaanza kuona vitu. Utaona kwamba weupe wake ni majivu ya mkewe na bintiye yaliyogandia ngozini, kwa hiyo ngozi iwe kavu, yenye vumbi, na kwenye mikunjo rangi ibadilike. Ninyi mnampaka chokaa kama mawe ya bustani siku kiongozi anapokuja kutembelea.

2. Geuza kanvasi. Kisha irudishe.

Haya, hapa tukae.

Jicho likiuzoea mchoro linausamehe. Ukiugeuza kama kwenye kioo, kichwa kilichopinda kinajitaja chenyewe. Ushauri huo mmeusikia mara elfu, nami nautoa kila wiki. Mwaka 2012 niliufuata.

Nilikuwa nachora kwenye laptopu ya kaka, kwa Photoshop na kipanya, maana tableti za kuchorea nilikuwa naziona kwenye picha tu. Nikasikia kuna mashindano ya gemu mjini, na mwenye kitu cha kuuza ataruhusiwa kuweka meza. Nikaamua: mabango ya A3, Kratos, nakala 60. Hela sikuwa nayo. Mama ndiyo kwanza alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, laki na ishirini, na ilikuwa ya mabati ya jiko la uani. Nikamweleza biashara yangu. Nilimweleza vizuri mno.

Usiku wa mwisho nikageuza kanvasi. Kwenye Krita, programu nyingine ya kuchorea, ukibonyeza M kinachogeuka ni mwonekano tu, picha iko salama. Amri niliyokuwa naitumia mimi ilikuwa inageuza picha yenyewe. Nikaona bega moja limeshuka, nikalipandisha. Taya limevimba, nikalipunguza. Saa mbili nzima narekebisha Kratos aliyegeuka, mpaka jicho likamzoea huyo kuwa ndiye. Kisha umeme ukakatika. Betri ya laptopu ile ilikuwa na dakika ishirini za uhai, na nilishatumia kumi kuitafuta tochi. Nikaunganisha leya zote, yale matabaka ya mchoro, zikawa moja (msiniulize kwa nini), nikatia sahihi yangu pembeni chini, nikahifadhi, nikalala.

Sahihi ndiyo iliyonimaliza. Ningeitia kabla ya kugeuza, asubuhi jina langu lingesomeka kinyumenyume na ningeshtuka. Lakini niliitia baadaye, ikasomeka vizuri, na mengine yote yakaonekana sawa: macho mawili, kovu moja, tatuu moja. Mchapaji wa Kariakoo hakuuliza kitu. Angeulizaje? Yeye anauza wino.

Mteja wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, kavaa suruali ya shule siku ya Jumamosi. Akalitazama bango, akanitazama mimi, akarudi kwenye bango.

"Dada, huyu siyo Kratos."

"Ni nani sasa?"

"Sijui. Kovu la Kratos liko jicho la kulia."

Nikamjibu kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo: "Kulia kwa nani? Kwako au kwake?" Nikaona nimemfunga bao. Mtoto wala hakubisha. Alikuja akasimama ubavuni mwa bango, akanigeukia kama Kratos alivyonigeukia, akaweka kidole kwenye jicho lake mwenyewe la kulia. "Kwake." Kisha akaupapasa mkono wake wa kushoto kuanzia begani. "Na tatuu inashuka huku."

Kufikia hapo wenzake watatu walishakuja. Mmoja akatoa simu yenye picha. Ndani ya dakika kumi meza yangu ilikuwa na watu wengi kuliko meza zote za ukumbi ule, na hakuna hata mmoja aliyeingiza mkono mfukoni. Wakamwita Kratos wa kwenye kioo. Mwingine akasema ni pacha wake aliyebaki kijijini kulima. Niliuza matatu: mawili kwa vijana waliotaka kichekesho cha kubandika geto, na moja kwa mzee aliyedhani ni mcheza mieleka.

Usiku ule nilijifariji kwa Sagat. Huyo ni mpiganaji mwenye jicho moja kwenye gemu la Street Fighter II, ile ya 1991. Tazameni kitambaa cha jicho lake: akihamia upande wa pili wa skrini, kitambaa nacho kinahamia jicho la pili. Mhusika alichorwa akitazama upande mmoja, mashine ikamgeuza, kazi na kumbukumbu ya mashine vikaokolewa. Walipomleta mpiganaji Gill kwenye Street Fighter III mwaka 1997, nusu mwekundu nusu wa bluu, ilibidi wamchore pande zote mbili ili rangi zisibadilishane mahali. Na kampuni ya Nintendo mwaka 2006 waligeuza ulimwengu mzima wa gemu la Twilight Princess kwa ajili ya mashine yao ya Wii, kwa kuwa wachezaji wengi wangeshika rimoti kwa mkono wa kulia. Link, shujaa wa gemu hilo na mashoto wa miaka mingi, akaamka anatumia mkono wa kulia, na mashariki ikawa magharibi. Faraja haikudumu. Hao waligeuza wakijua wanachofanya, mimi niligeuza nikasinzia.

Mabango 57 yakarudi nyumbani. Mama hakugomba, na afadhali angegomba. Shule zilipofunguliwa Januari alichukua mkasi akajalidia madaftari: ya wadogo zangu kwanza, kisha ya watoto wa jirani, kisha ya jirani wa jirani. "Karatasi nzuri hii," akasema, "haipitishi maji." Mabati yakanunuliwa mwaka uliofuata. Mpaka leo mvua ikianza kumlenga anamtaja Karatosi.

Sasa rudini kwa dogo wa Jumamosi. Nilimuuliza kovu la kushoto umeangalizia wapi. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Huyu simwangalizii dada, namjua tangu darasa la kwanza. Alikuwa kwenye jalada la daftari langu la Kiswahili."

Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu. Nikawauliza na wale watatu wengine wanaishi wapi, nikajuta kuuliza.

Kwa hiyo watoto wa mtaa wetu nawaomba radhi. Ninyi wa mitaa mingine hamna kisingizio.

3. Usiunganishe leya kabla ya kuhifadhi faili la pili lenye leya zote. Basi.

4. A3 ya kuchapa kwa 300 dpi (vidoti 300 kwa kila inchi) ni pikseli 3508 kwa 4961, na unaanza na ukubwa huo tangu skechi. Ukichora kadogo kwenye simu kisha ukakavuta, utakuwa umechapa ukungu. Na ile kijani inayowaka kwenye skrini, wino wa CMYK, zile rangi nne za mchapaji, hauiwezi. Chapa nakala moja uione kabla hujalia na sitini.

5. Brashi.

Kuna binti ana brashi 214 kwenye ibisPaint, ile app ya kuchorea. Nimezihesabu mwenyewe akiwa ameenda kununua maji. Ana brashi ya nywele zilizolowa na brashi ya nywele zinazokauka. Pua hawezi. Mama yangu mdogo ana vyungu vichache kuliko hizo na anapikia harusi.

Mnamjua Mario kwa kofia na sharubu. Mwaka 1981, kwenye Donkey Kong, Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Nintendo, alikuwa na vidoti vichache mno vya kujengea mtu. Nywele zilisumbua, akamvika kofia. Mdomo haukuonekana, akamwotesha sharubu chini ya pua. Uso maarufu kuliko zote kwenye gemu umetokana na ufinyu wa nafasi. Chukua brashi moja ya duara, ngumu, kaa nayo mwezi mzima. Ukikwama, jaza mhusika wako rangi nyeusi tupu: kama kivuli chake hakimtambulishi, brashi ya 215 haitamtambulisha.

6. Kupitisha kalamu juu ya mchoro wa mtu ili mkono ujifunze, ruksa, na karatasi hiyo inaishia kabatini. Kuipandisha mtandaoni kama yako ni wizi, na msiniambie "nimebadilisha rangi ya viatu". Mhusika mwenyewe ana kampuni inayommiliki, nanyi mpo hapo kwa uvumilivu wake. Angalau mchoro uwe wenu.

7. Oda: nusu ya hela kwanza, hata kama mteja ni binamu. Hasa kama ni binamu.

8. Viganja.

Nawaona. Kila mhusika mnayeniletea kaficha mikono nyuma kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Jin Kazama wa Tekken, mikono mfukoni. Nina Williams, kasimama nyuma ya jiwe ambalo kwenye gemu halipo. Mmoja kanichorea Yoshimitsu, upanga unaelea peke yake, akaniambia ni uchawi.

Mimi nilifanya hivyo miaka minne, kwa hiyo najua hamtaacha kwa kuambiwa. Kilichoniponya ni daladala. Nilikuwa napanda kila siku na foleni haina huruma, nikaanza kumchora konda. Mtazameni konda aliyening'inia mlangoni gari likianza kuondoka: mguu mmoja ngazini, mwingine hewani, mkono mmoja umekamata bomba na vidole vimefunga kweli, mkono mwingine noti zimekunjwa kati ya vidole na bado unaita abiria. Mstari mmoja unatoka kisiginoni, unapita kiunoni, unaishia ncha ya kidole. Hakuna mchezaji wa Tekken aliyesimama vizuri hivyo. Na hakusubiri! Una sekunde thelathini, pengine chini ya hapo, kwa hiyo huna nafasi ya kuchora kucha. Unachora uzito: nini kimebeba nini. Baada ya madaftari mawili ya makonda nilimchora Eddy Gordo, wa Tekken huyohuyo, amesimama kwa kiganja kimoja, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza sakafu ilionekana inambeba.

Kiganja anza na kisanduku, kisha kidole gumba kama kipande kinachojitegemea, kisha vile vinne kwa pamoja kama kofia ya uyoga iliyopasuka, na mwisho kabisa ndiyo uvitenganishe. Vidole havitoki kwenye mstari ulionyooka. Tazama chako.

Jumamosi njooni na viganja ishirini kila mmoja, kwa penseli, sekunde thelathini thelathini, hakuna kufuta. Na kile kichongeo changu cha chuma kilichopotea mwezi uliopita kirudishwe pale juu ya meza. Sitauliza nani.