Msitengane: kwa kaka aliyeuliza kuhusu kupanda mlima na mkewe

Kaka, pole sana, na namshukuru Mungu mlirudi wote wawili salama.

Kwa wanaoingia sasa: kaka huyu alipanda mlima na mkewe, matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Walipiga hesabu ya saa nne, yakawachukua tisa. Wakiwa juu, ukungu ukashuka na njia ikapotea. Akamwambia mkewe "kaa hapa kidogo nikatazame upande ule", akaenda, na wakapotezana zaidi ya saa nzima. Sasa mke hataki hata kusikia neno mlima. Anauliza hesabu iliharibikia wapi, na afanyeje ili mkewe akubali tena.

Mimi na mume wangu tunapanda pamoja tangu uchumba, na siku kama hiyo imewahi kutukuta. Nianze na hesabu, maana ni jambo fupi.

Umesema njia ilikuwa kilomita 12 na kupanda mita kama 900. Kuna kanuni ya zamani ambayo wapanda milima bado wanaitumia, ya Mskoti aitwaye William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiiweka njia yenu humo unapata karibu saa nne kamili. Kwa hiyo hukukosea hesabu. Ila saa nne hizo ni za mtu mwenye mazoezi, anayetembea bila kusimama, kwenye njia nzuri na hali ya hewa tulivu. Hazina ndani yake kula, kupumzika, kupiga picha, kutafuta njia, wala mawe yaliyolowa. Sisi tukishapata jibu la kanuni tunaongeza nusu yake, halafu tunapanga saa ya kugeuka kabla hatujatoka nyumbani. Saa hiyo ikifika tunageuka, hata kama kilele tunakiona kwa macho. Hiyo saa tunaipanga tukiwa tumeshiba na tumepumzika, kwa sababu kule juu kila mmoja ana hamu yake na si wakati wa kujadiliana.

Sasa lile la kutengana, ambalo kwangu ndilo kubwa.

Siku yetu iliharibikia kwenye kushuka. Watu huogopa kupanda, lakini miguu huumia zaidi wakati wa kushuka: misuli ya mapaja inafanya kazi ya kukuzuia usiporomoke, inachoka, na mguu uliochoka haunyanyuki vizuri. Mume wangu alikanyaga jiwe lililocheza, unyayo ukageukia ndani, nikasikia ameguna mara moja tu kisha akakaa chini. Nilipofika alikuwa ameshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili na midomo imekauka.

Cha kwanza tulichofanya ni kutulia. Nikampa maji, nikamvika sweta yake kabla hajasikia baridi. Halafu nikabonyeza ule mfupa uliotokeza upande wa nje wa kifundo, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, kisha ule wa ndani vivyo hivyo, nikamwomba ajaribu hatua nne. Hiki ni sehemu ya kipimo ambacho madaktari wa Ottawa, Kanada, walikitoa mwaka 1992: kama mfupa unauma ukibonyezwa hapo, au mtu hawezi kukanyaga hatua nne, anahitaji kupigwa picha ya eksirei. Yake mifupa haikuuma na hatua nne alizimaliza, kwa kuchechemea. Kiatu hatukukivua, kwa sababu mguu ukishavimba nje ya kiatu haurudi tena ndani. Nikaizungusha bendeji juu ya kiatu kwa umbo la nane, chini ya unyayo, juu ya kifundo, tena na tena mpaka ikakaza, nikamkatia fimbo.

Wakati huo ukungu umeshatufunika na mwanga unapungua. Ndipo akaniambia: "Mama, tangulia wewe ukalete watu. Mimi nitakaa hapa."

Nikakataa, na kaka, naomba unisikilize vizuri hapa. Kutangulia kunaonekana ni busara, hata ni upendo. Lakini watu wawili wakitengana kwenye ukungu, matatizo yanakuwa mawili. Anayekwenda anaweza kupotea, au kuanguka bila mtu wa kumwona. Anayebaki hatembei, kwa hiyo mwili unapoa haraka, na kichwa chake kinaanza kumtesa: ameanguka? amenisahau? niinuke nimfuate? Wengi huinuka na kumfuata, na hapo ndipo wanapopishana. Mkeo alikaa juu ya mwamba ule saa nzima bila kujua kama bado ana mume. Si uoga kwamba hataki kurudi.

Anayebaki peke yake anabaki pale tu ambapo hakuna namna nyingine kabisa: hawezi kusogea, simu haishiki, na anayekwenda anaijua njia pasipo shaka. Hata hivyo anaachiwa nguo za joto, chakula, maji, tochi na filimbi, na anayeondoka anaandika mahali alipo kutoka kwenye ramani, hategemei kukumbuka. Kutafuta njia tu si sababu. Njia ikipotea, mnarudi wote wawili mpaka alama ya mwisho mliyoiona kwa hakika. Mkihitaji kuchungulia, mmoja anasogea hatua chache akiwa bado anaonekana, anarudi, basi. Na msifuate mkondo wa maji mkidhani utawashusha bondeni kwa usalama, kwa sababu mara nyingi unawafikisha kwenye genge na maporomoko.

Sisi tulishuka pamoja, yeye mbele. Huu ndio utaratibu wetu hata siku njema: mwenye mwendo mdogo anatangulia, mwenye nguvu anamfuata kwa mwendo wa mwenzake. Taa za kichwani tulikuwa nazo mbili, kila mtu yake, na hazikosi begini hata tukitoka asubuhi. Simu ilikuwa moja inatumika na nyingine imezimwa, imefungwa kwenye soksi karibu na mwili, kwa sababu baridi hunyonya betri. Ramani niliipakua nyumbani. Simu inapokea ishara za setilaiti hata pasipo na mtandao, kwa hiyo ile nukta yetu iliendelea kuonekana juu ya kijia. Kila tukifika kona namwonyesha: tuko hapa, bado pale. Tukafika chini usiku, tumechoka, tumeshikana mikono.

Kuna kitu kingine ulichoandika kikanishtua. Ulisema kabla hamjatengana mkeo "alianza kununa, akawa anajibu mkato, mara anajikwaa", nawe ukaona amekasirika. Inawezekana alikuwa amekasirika. Inawezekana pia alikuwa anapigwa na baridi. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwenye nguo zilizolowa kwenye upepo hupoteza joto hata pale ambapo hakuna barafu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hatari, na dalili huanza mapema: kutetemeka, ulimi mzito, vidole kushindwa kufunga zipu, kujikwaa, na tabia kubadilika. Mtu mpole anakuwa mkali, au anajitenga na kukaa kimya. Mwenyewe hajitambui, kwa hiyo wa kumtambua ni mwenzake. Mwenzako akinuna mlimani, kwanza mvike nguo kavu na mpe kitu kitamu atafune, maneno baadaye. Mimi na mume wangu tumeambiana maneno makali juu ya mlima ambayo yaliyeyuka yenyewe baada ya koti na vipande viwili vya chokoleti.

Filimbi kila mmoja avae yake shingoni, si begini. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika moja, unarudia. Anayejibu hupuliza mara tatu kwa dakika. Sauti ya mtu inakauka upesi na ukungu unaimeza, filimbi hata mtu aliyechoka anaweza kuipuliza. Kama mkeo angekuwa nayo, usingehangaika saa nzima. Na mtu mmoja nyumbani ajue njia mnayopita na saa ambayo, msipopiga simu, aanze kuwatafutia msaada.

Kuhusu kumrudisha mkeo: usimshawishi kwanza. Mwombe akusimulie ile saa moja juu ya mwamba tangu mwanzo mpaka mwisho, na usimkatize kueleza wewe ulikuwa wapi na ulijitahidi namna gani. Nina hakika hajapata nafasi ya kuisema yote. Mume wangu aliniuliza niliogopa nini siku ile, nikashangaa nilivyolia, wakati mguu uliteguka wake.

Akishasema, mwahidi jambo moja tu, kwamba hutamwacha tena peke yake njiani, kisha subiri. Siku akisema yuko tayari, achague njia yeye, iwe fupi, ya saa mbili hivi, mahali penye watu na alama zinazoonekana. Ramani ashike yeye. Saa ya kugeuka apange yeye, na akisema tugeuke kabla ya saa hiyo, geuka bila kuuliza kwa nini.

Akisema hapana moja kwa moja, tafuteni kitu kingine cha kufanya pamoja. Ukiweza, rudi hapa utuambie amesema nini.