Kula katika mgahawa wa Waazeri unaouza pombe: nyama, siki na mahali pa kukaa

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shekhe wetu, mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, nasoma Baku, Azerbaijan. Chini ya nyumba tuliyopanga kuna mgahawa mdogo wa mtaani wenye meza saba. Mwenyewe ni Muazeri, Muislamu, na mkewe ndiye mpishi. Chakula ni kizuri na bei tunaimudu. Lakini anauza vodka na mvinyo, na jioni watu hunywa meza za jirani. Sijawahi kumwona akiswali, na wenzangu wananiambia huyo ni Shia, nyama yake isiliwe. Kwenye orodha ya vyakula kuna kitu kinaitwa narşərab. Nilipotafuta maana ya şərab nikakuta ni mvinyo, na ndicho nilichokuwa nikimwagia mishikaki yangu mwezi mzima. Vitunguu vyao wanavitia siki ya zabibu. Na tukienda kundi zima la darasa, bili tunagawana sawa kwa sawa. Je, niliyokwisha kula yana hukumu gani, na nifanyeje kuanzia sasa?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Maswahaba zake.

Kijana wetu, kwa ulivyoeleza, uliyokula hayana tatizo, na mishikaki hiyo haikudai toba. Panapohitaji kurekebishwa ni pale unapokaa na jinsi unavyolipa. Nianze na hiyo narşərab, maana naona ndiyo iliyokukosesha usingizi.

Narşərab ni maji ya komamanga yaliyopikwa. Punje hukamuliwa, maji huchujwa, kisha huwekwa kwenye moto mdogo yakachemka kwa saa kadhaa mpaka yakapungua sana, yakawa mazito na meusi, yanashika kijiko. Wengine huongeza sukari au viungo kidogo. Ladha yake ni uchachu wenye utamu kwa mbali, na ndiyo maana wanaipenda kwa samaki na nyama ya kuchoma. Katika kazi yote hiyo hakuna hatua ya kuyaacha maji yaumuke, na kileo hakizaliwi pasipo kuumuka. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, maana yake kinywaji. Sisi wa pwani kutokana na mzizi huohuo tumepata sharubati, na Waazeri wakalishikiza kwenye mvinyo. Hukumu ya sharia inafuata kitu chenyewe, haifuati jina lake.

Ila uwe macho na neno linalofanana nalo: nar şərabı, maneno mawili, lenye herufi ı mwishoni. Huo ni mvinyo wa komamanga hasa, unatengenezwa huko na kuuzwa kwa chupa, na ni haramu. Narşərab huletwa kwenye kibakuli kidogo pamoja na chakula. Nar şərabı utaiona kwenye ukurasa wa vinywaji.

Kuhusu siki, hapa madhehebu yetu ya Imam Shafii yana ufafanuzi. Zabibu zikiachwa chunguni hupita kwanza katika hali ya ulevi, kisha zikageuka siki. Zikigeuka zenyewe, siki hiyo ni tohara na ni halali. Mtu akitia kitu ndani ya pombe makusudi ili aigeuze, kama mkate, chumvi au kitunguu, kwa Mashafii haitoharishi, kwa hadithi ya Anas iliyopokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu pombe kugeuzwa siki, akasema: Hapana. Mahanafi wameona kuwa inatoharika. Siki inayotengenezwa kwa kuanzisha maji ya matunda na siki ya zamani tangu mwanzo, yakachachuka bila kupita kwenye ulevi, haina neno. Sasa wewe uliyekaa mezani, na sahani ya vitunguu na sumaki, kile kiungo chekundu chenye uchachu, iko mbele yako, huna wajibu wa kuchunguza chungu cha bibi yupi kiligeuka vipi. Siki iliyoko kwa Muislamu inachukuliwa kuwa ni safi mpaka ujue kinyume chake. Hukumu ni hiyohiyo kwa siki na kitunguu saumu wanavyotia kwenye supu ya dushbara, vile viandazi vidogo vya nyama, na kwenye supu ya kwato wanayoiita xaş.

Tuje kwenye nyama, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wenzako wamekuambia jambo zito bila ya elimu.

Watu wa Azerbaijan wengi wao ni Waislamu, na walio wengi kati yao ni Mashia wa Jaafari, na wako Masuni pia, hasa kaskazini. Mashia ni watu wa kibla, na kichinjo chao ni halali kwetu. Tena ukiangalia masharti yao utayakuta mazito kuliko yetu. Kwetu Mashafii, la lazima ni kukata koromeo na umio, yaani njia ya pumzi na njia ya chakula, zote mbili kikamilifu. Kukata mishipa miwili ya shingo ni sunna, kupiga Bismillahi ni sunna, kuelekea kibla ni sunna. Wao wanavilazimisha vyote: mapito manne yakatwe, jina la Allah litajwe, mnyama aelekezwe kibla, na mchinjaji awe Muislamu. Nyama iliyotimiza masharti yao imeyatimiza yetu na ziada. Itawezekanaje kuiharamisha?

Ama kutomwona akiswali, kwanza hujui anachofanya nyumbani kwake. Pili, kwetu mwenye kuacha Sala kwa uvivu, huku anakiri kuwa ni wajibu, ni Muislamu mwenye dhambi kubwa, na kichinjo chake kinafaa. Nchi ile ilikuwa chini ya utawala wa Kisovieti tangu 1920 hadi 1991, misikiti mingi ikafungwa na mafundisho ya dini yakabanwa. Utamkuta mtu anashika Muharram, hali nguruwe, na bado ana chupa ya vodka kabatini. Huzunika naye na umuombee dua, lakini usimtoe katika Uislamu kwa sababu ya kabati lake.

Na hapo ulipo huwezi kufuatilia kila kondoo hadi machinjioni, wala hukukalifishwa hivyo. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w.): kuna watu wanatuletea nyama, hatujui wameitajia jina la Allah au la. Akawajibu: Litajeni nyinyi jina la Allah, na mle. Watu hao walikuwa wametoka ukafirini karibuni tu. Na wanazuoni wa Kishafii wametaja kipande cha nyama kilichookotwa ndani ya chombo katika mji wenye Waislamu wengi, wakasema kinaliwa. Basi vipi kile alichokuandalia Muislamu dukani kwake?

Penye haja ya kuuliza ni pachache, na hapo uliza.

La kwanza ni soseji. Kuna saladi inaitwa paytaxt salatı, ya viazi, mayonesi, njegere, mayai na matango ya siki, iliyokuja kutoka kwa Warusi. Wengine huiwekea kuku, wengine soseji iitwayo kolbasa, na soseji nyingine huchanganywa nyama ya nguruwe. Neno la kuuliza ni: Bu nə ətidir? Hii ni nyama ya nini? Qoyun ni kondoo, mal ni ng'ombe, toyuq ni kuku, na donuz ndiyo nguruwe. Ukiambiwa kolbasa, na asijue imetoka kiwanda gani, achana na saladi hiyo, agiza ya nyanya na matango.

La pili ni kuku wa kugandishwa kutoka nje. Uliza kama ni yerli, yaani wa palepale. Ikiwa wa nje na haijulikani alikochinjwa, kondoo yupo, kula kondoo. Na hapa upishi wao unakusaidia. Sisi pilau yetu mchele unaiva ndani ya supu ya nyama, kwa hiyo ukiitilia shaka nyama, sufuria zima lina shaka. Plov yao inakwenda njia nyingine: mchele unachemshwa na chumvi mpaka uive nusu, unamwagwa maji, kisha unarudishwa kwenye mvuke kwa samli na zafarani, juu ya ukoko wa unga na yai unaoitwa qazmaq. Kitoweo, wanachokiita qara, kinapikwa chungu chake na kukutana na wali kwenye sahani tu. Kwa hiyo ukiwa na shaka na kuku wa siku hiyo, agiza wali na qara ya zabibu kavu na aprikoti kavu, ule kwa moyo mkunjufu.

Vingine nivipitie haraka. Mafuta yanayosagwa pamoja na nyama ya lüle kebabu ni ya mkia wa kondoo, halali. Uwekundu kidogo ndani ya mshikaki ni mabaki ya damu ya kwenye nyama, na hayo yamesamehewa. Iliyoharamishwa ni damu inayomwagika. Cız-bız, yale maini, moyo, figo na utumbo wa kukaanga, inaliwa, mradi utumbo umeoshwa ukatoka uchafu wake, kwani kwetu kinyesi cha mnyama anayeliwa ni najisi. Wakitia korodani, Mashafii hawakuziharamisha. Samaki aina ya sturjoni wa Bahari ya Kaspi ni halali kwetu. Sharti la magamba liko kwa Mashia. Na ukienda upande wa Corat ukakuta qutab, chapati nyembamba iliyokunjwa, ya nyama ya ngamia, hukumu yenye kutegemewa kwetu ni kuwa haitengui udhu, ila Imam Nawawi aliona dalili ya kutengua ina nguvu zaidi, kwa hadithi ya Jabir bin Samura katika Muslim. Kutawadha upya ni dakika mbili, basi tawadha utoke katika hitilafu.

Vyombo je? Pombe kwetu ni najisi, na gilasi iliyotiwa pombe inatoharika kwa kuoshwa kwa maji mpaka ladha na harufu viondoke. Chai yao hunywewa katika vigilasi vyembamba kiunoni, armudu, ambavyo kwa desturi ni vya chai. Hilo lisikusumbue. Lingekuwa kubwa kama pangechomwa nguruwe, maana najisi yake kwetu ni nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na vijiti vya mishikaki na wavu wa kuchomea vingekuwa vimeenea najisi hiyo. Mgahawa wa mtaani Baku hilo ni nadra, lakini ukisafiri kwenda Moscow usidhani kila mgahawa wenye jina la Kiazeri umesalimika. Abu Thaalaba al-Khushani alipouliza juu ya vyombo vya watu wa Kitabu, Mtume (s.a.w.) alimwambia: mkipata vingine msile katika hivyo, na msipopata, viosheni, mle.

Sasa penye kosa. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: Mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayopitishwa pombe. Meza yako mwenyewe, mnywaji akiwa mmoja wenu, ni haramu kukaa, hata kama wewe mkononi una ayran, yaani mtindi wa kunywa, au sherbeti. Wala usiinue gilasi yako ya sherbeti kugonganisha nao wanapotakiana heri, kwani wanazuoni wamekataza kuiga mkao wa walevi hata kwa kinywaji cha halali. Meza ya jirani ni nyepesi kuliko hiyo, lakini kukaa mbele ya maovu bila haja, ukiyazoea macho, si mahali pa kijana anayetaka kuilinda dini yake. Nenda mchana, wakati watu wanakula na kurudi kazini. Migahawa mingi ya huko ina vyumba vya pembeni vyenye mlango au pazia, wanaviita kabinet. Kama kipo, omba humo. Na jioni, kwa kuwa unakaa juu ya mgahawa, shuka na bakuli lako mwenyewe, useme aparmaq üçün, ni ya kubeba, ukale chumbani. Kununua chakula kwa mtu huyu kunafaa, ingawa mali yake imechanganyika. Mtume (s.a.w.) aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Ukipata mgahawa jirani usiouza pombe, huo ndio wa kuunga mkono.

La mwisho, bili. Meza ikinywa chupa mbili za mvinyo na mkagawana sawa, sehemu ya fedha yako imenunua pombe, na mnunuzi wa pombe ametajwa pamoja na waliolaaniwa kwa ajili yake. Hapo ndipo inapokupasa toba kwa yaliyopita, ikiwa ulilipa hali unajua. Usingoje karatasi ifike mezani ndipo uanze kubishana na wenzako. Mwambie mhudumu mapema, unapoagiza: Hesab ayrı olsun. Hesabu yangu iwe mbali. Neno lao la hesabu ni letu, hutalisahau.

Wallaahu a'lam.