Usimjibie "Hajambo"

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa tisa hapa England. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Maneno yake hayazidi kumi, kengele ikilia anaingia chini ya meza, na mara mbili katoka nje ya geti la shule peke yake. Foleni ya daktari wa usonji (autism) tumo mwezi wa kumi na nne sasa. Niliiomba halmashauri imfanyie tathmini ili apate mpango wa EHC, ule mpango wa kisheria wa elimu, afya na malezi kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Barua imekuja, ina tarehe 12 Machi: wamekataa. Wanasema hana cheti cha daktari, shule haijatumia fedha zake vya kutosha, na kuchelewa kusema huenda kunatokana na Kiswahili cha nyumbani. Mume wangu anasema tuachane nalo, tusije tukaishitaki serikali ya watu tukaharibu karatasi zetu za ukaazi. Mwalimu naye kaniambia niache kusema na mtoto Kiswahili. Nifanyeje?

Mama wa watoto wawili

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza itoe hiyo barua ulikoiweka. Tarehe inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa juu yake, si siku iliyodondoka mlangoni kwako. Una miezi miwili kuanzia hapo, yaani mpaka 12 Mei, kukata rufaa kwenye baraza linalosikiliza mambo ya watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu.

Ndani ya barua ipo namba ya mshauri wa usuluhishi. Mpigie kesho asubuhi. Hulazimiki kukaa meza moja na halmashauri. Unalazimika kuongea na mshauri huyo tu, akupe cheti cha kuonyesha kwamba mmeongea. Kama hutaki usuluhishi, mwambie hivyo hivyo: sitaki, naomba cheti. Rufaa ya kunyimwa tathmini haipokelewi bila cheti hicho. Kikitoka una mwezi mmoja kuanzia tarehe yake, na kati ya hizo tarehe mbili inafuatwa iliyo mbali zaidi. Fomu yako inaitwa SEND35a. Haina ada hata senti, wala hailazimu kuwa na wakili.

Sababu walizokupa zisikuvunje moyo. Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014, kifungu cha 36, inauliza mambo mawili tu: je, mtoto huenda ana mahitaji maalumu ya elimu, na je, huenda akahitaji mpango wa EHC ili yatimizwe? Neno ni "huenda". Hudaiwi uthibitisho, na cheti cha daktari hakimo. Habari ya shule kutumia kwanza paundi 6,000 zake nayo haimo, ingawa utaisikia kila kona, mpaka kwa walimu wema wenye nia nzuri.

Mume wako mweleze taratibu, maana hofu yake naijua, hata marehemu mume wangu alikuwa nayo. Baraza hili si polisi wala si uhamiaji. Ni jaji na mtaalamu mmoja au wawili wanaoyafahamu mambo ya watoto hawa, na kazi yao ni kuutazama uamuzi wa halmashauri upya. Mzazi kukata rufaa ni haki iliyoandikwa, na karatasi zenu za ukaazi haziguswi. Mwambie na hili: miaka ya karibuni, katika rufaa zinazofika mpaka kuamuliwa, zaidi ya asilimia 90 wazazi hupata walichoomba, chote au sehemu yake.

Sasa nikwambie lililoniponza mimi, kwa sababu naliona linakuja kwako.

Mwanangu alipokuwa na miaka 5, mtaalamu wa saikolojia wa halmashauri alikuja nyumbani. Nilifanya kama mama yangu alivyonifundisha mgeni anapokuja. Nilifua mapazia. Godoro tulilokuwa tumelisimamisha ukutani, pale mtoto anapogonga kichwa, nikaliondoa nikalitia chumbani. Nikapika vitumbua. Akauliza, mtoto anaendeleaje? Nikamjibu, hajambo, anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Analala? Analala. Anakula? Anakula. Nilikuwa namsitiri mwanangu mbele ya mtu baki. Wiki tatu baadaye ripoti ikaja, na kwenye ukurasa wa nne pameandikwa kwamba mama hana wasiwasi wowote kuhusu nyumbani. Sentensi hiyo halmashauri iliitumia dhidi yangu mwaka mzima.

Sisi hatujibu "hali mbaya" hata tukiwa kitandani hospitali. Ni adabu, nami siitupi. Lakini mtu wa huku akiandika, anaandika ulichosema. Kwa hiyo mbele ya karatasi hizi, mwanangu, usimjibie mtoto "hajambo". Sema yalivyo.

Tafuta daftari leo. Kwa wiki mbili andika kila siku, na andika kwa Kiswahili kwanza, maana ndicho unachokiwaza, kutafsiri baadaye. Usiandike "anasumbua asubuhi". Mimi niliandika hivi: Jumanne, kaamka saa kumi na dakika ishirini alfajiri, hakulala tena. Soksi nimezigeuza nje ndani mara nne kwa sababu ya mshono wa vidoleni. Kiatu cha kushoto kimechukua dakika 35. Kanywa maziwa kwenye kikombe cha njano tu; nilipompa cha bluu kakirusha, kisha kajing'ata mkono, alama nimeipiga picha. Tumefika shule saa tatu na robo, geti limefungwa.

Na hizo mara mbili alizotoka getini, iandikie shule barua pepe uombe tarehe, saa, nani alimwona na alipatikana wapi. Mtoto wa miaka 6 asiyeweza kusema jina lake, yuko peke yake barabarani! Hilo katika barua yako kwangu umelipitia juu juu kama vile umepoteza kanga. Liweke ukurasa wa kwanza.

Rufaa ya kunyimwa tathmini mara nyingi huamuliwa kwa makaratasi bila kikao, ndiyo maana nakusukumia daftari. Ukishinda, halmashauri itapaswa kuanza tathmini, na ukipata mpango usiukubali kwa furaha kabla ya kuisoma sehemu F. Huko ndiko inakoandikwa huduma atakayopewa, na kilichoandikwa humo halmashauri inawajibika kukitoa. Mpango wa kwanza wa mwanangu ulisema atapewa "fursa za kusaidiwa kuongea". Fursa! Nikakata rufaa ya pili.

Kikao kilikuwa kwa video, mwaka 2021, mimi nipo mezani jikoni. Kiingereza nakisema, lakini nikilia kinaniruka, hivyo niliomba mkalimani kwenye fomu, nikapewa bila malipo. Alikuwa mama wa Kikongo, Kiswahili chake cha Bukavu. Neno "usonji" hakuwahi kulisikia, tukaelewana. Jaji akanyamaza, yule mtaalamu aliyekaa kulia kwake akauliza swali moja: asubuhi yenu ikoje? Nikafungua daftari nikasoma. Soksi, kiatu, kikombe cha njano. Hakuna aliyenikatisha. Uamuzi ulipokuja, sehemu F ilisema: dakika 45 kila wiki za muhula, na mtaalamu wa tiba ya lugha mwenyewe, si msaidizi. Mpaka leo anazipata.

Wa kukusaidia bure wapo. Kila eneo la England lina huduma iitwayo SENDIASS kwa wazazi kama wewe, na shirika la IPSEA lina mifano ya barua na laini ya ushauri wa sheria. Waambie tarehe yako ya mwisho kabla hujawaambia jina lako.

Nimebakiza la Kiswahili. Usiache. Usonji hauletwi na lugha mbili, na waliowachunguza watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha mbili hawakuona kwamba lugha ya pili inawadhuru. Na kwenye rufaa yako jibu hoja hiyo kwa mstari mmoja: mtoto huyu hasemi hata Kiswahili. Maneno yake kumi yaorodheshe, uonyeshe yapi ya lugha gani.

Wangu neno lake la kwanza lilikuja ana miaka mitano na nusu. Bibi yake alikuwa kwenye simu kutoka Pangani, anamwimbia kama kawaida yake, mimi naosha vyombo. Wimbo ulipokwisha akaishika simu kwa mikono miwili akasema, "Tena." Bibi yake akaimba tena, mpaka salio likamwishia.

Shangazi