Jibu: Kitabu cha sauti kwa spidi 2, unaelewa kweli?

Mkuu umeuliza kama ukisikiliza kitabu kwa spidi 2, yaani mara mbili ya kawaida, mtu anaelewa kweli au anajidanganya. Mi naona inategemea kitabu. Nasikilizaga kwenye kosta ya Mtwara-Lindi, nilianza na 1.25 wiki nzima mpaka sikio likazoea ndo nikapanda 1.5 na hapo ndo nimeganda, maana kitabu cha masaa 10 kinaisha kwa masaa 6 na dakika 40. Ukiweka 2 ni masaa 5, hapo ndo tamaa inapoanzia. Juzi nimeweka 2 tukiwa Mikindani, kufika Mingoyo wa Masasi wanashuka kubadili gari, mhusika kashakufa na mi hata sijui kaugua lini, ikabidi nirudishe nyuma sura nzima. Hadithi usizidishe 1.2 bana, msomaji akinyamaza kidogo pale ana maana yake. Vile vya biashara vinavyorudia rudia we kimbiza tu. Sauti haitakuwa nyembamba kama kaseti za zamani, programu za siku hizi zinabana muda tu. Ila usisikilize huku unabangua korosho, vidole vitakoma 😂