Bibi Shamba Anajibu: Pilipili mbuzi inatoa maua halafu yanadondoka yote

SWALI: Shikamoo bibi shamba, niko Tabata ghorofa ya pili, nina pilipili mbuzi mbili kwenye ndoo za lita 20 hapo balkoni, zimekua vizuri majani mengi tu, sasa zinatoa maua lakini yanadondoka yote, hata pilipili moja sijaiona, alafu majani ya juu yamejikunja. Namwagilia asubuhi na jioni. Jirani kaniambia niweke urea na nipulize dawa ya nyanya, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Urea usiweke kabisa, na hiyo dawa isubiri maana hujajua unapambana na mdudu gani. Mmea wenye majani mengi bila matunda mara nyingi umeshashiba naitrojeni, kirutubisho cha majani ambacho ndicho kilichomo kwenye urea, ukiongeza urea utapata kichaka tu, pilipili hupati.

Maua kwanza. Pilipili inajichavusha yenyewe, upepo ukiitikisa inatosha, kwahiyo usiwaze nyuki. Kinachoangusha maua ni joto na maji. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku nao ukawa wa moto, kama Dar ya Januari na Februari, mmea wenyewe unaachia maua, na balkoni ndo mbaya zaidi maana zege na ukuta vinatunza joto la jua mpaka usiku. Pandisha ndoo juu ya matofali, jua la asubuhi zipate, kuanzia saa saba hivi funga neti ya kivuli au hata kanga kuukuu. Na maji usimwagilie kwa mazoea, chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu acha, ukikuta pakavu mwaga mpaka maji yatokee chini. Kama ndoo haina matundu toboa leo leo! Mizizi ikikaa kwenye tope inaoza, majani yananyauka, mtu anadhani ni kiu anaongeza maji, basi mche ndo unakufa hapo.

Sasa majani, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kabla ya dawa yoyote geuza jani uangalie chini yake. Ukiona vidudu vidogo laini vimejazana kwenye ncha changa, jani linanata na sisimizi wanapanda shina, hao ni vidukari, sisimizi wamefuata maji matamu yanayotolewa na hao vidukari. Ukitikisa mche vikaruka vitu vyeupe kama unga, ni inzi weupe. Usipoona kitu kabisa lakini majani mapya yametoka membamba, magumu, yamekunjia chini na upande wake wa chini una rangi ya kahawia, huyo ni utitiri, kwa macho humuoni.

Vidukari na inzi weupe changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu majani machache kwanza, kisha pulizia jioni CHINI ya majani, rudia kila baada ya siku nne tano. Ukipulizia juu tu umepoteza sabuni. Utitiri kata ncha zote zilizoharibika, alafu uliza dawa ya salfa duka la pembejeo, usiipige jua likiwa kali. Lakini kama mche umedumaa, majani yamekuwa ya njano yamekunjia juu, ile wakulima wa nyanya wanaita rasta, hicho ni kirusi kinachosambazwa na inzi weupe na dawa hakina, ng'oa uokoe huo mwingine.

SWALI: Nimesia pilipili kichaa wiki mbili sasa, hakuna hata kimoja kilichoota. Nimwage udongo?

JIBU: Usimwage jamani! Kichaa na mbuzi ni wazito kuota, wiki tatu hata nne ni kawaida, ilimradi udongo una joto na unyevu kidogo na mbegu hukuifukia zaidi ya nusu sentimita. Ila kama ulizitoa kwenye pilipili ya kijani usisubiri sana, mbegu zake zinakuwa hazijakomaa, tafuta iliyoiva nyekundu kabisa usie upya. Na ukizipasua vaa glavu, mikono ikiwaka paka mafuta ya kula kwanza ndo uoshe na sabuni, maji peke yake hayaondoi ule muwasho.