Usisaini mkopo huo kabla hujadai matunzo ya watoto kwa maandishi

Dada, weka kalamu chini. Umeuliza kuhusu mkopo wa halmashauri, TASAF (ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), bima ya afya ya watoto na kodi ya biashara yako ya chakula hapo Mbagala, lakini katikati ya maswali hayo umepitisha maneno mawili kana kwamba ni ya kawaida: kwamba baba wa watoto umemwachia Mungu, na kwamba wiki ijayo unachukua mkopo wa marejesho ya kila siku ili ulipe kodi ya nyumba na ununue mahitaji ya shule. Hayo ndiyo yaliyonifanya niache kushona nikaanza kuandika, kwa hiyo utanisamehe kama nitajibu lile ambalo hukuliuliza.

Mimi ni fundi cherehani, ninalea watoto wawili peke yangu, na mikopo hiyo ya kausha damu naifahamu kwa ndani. Niliomba shilingi 300,000, nikakabidhiwa 270,000 kwa sababu walikata kwanza pesa ya fomu na kitu walichokiita bima, kisha nikatakiwa kurejesha 12,000 kila siku kwa siku 30, yaani 360,000. Ukipiga hesabu utaona kwamba juu ya fedha niliyoishika mkononi niliongeza 90,000 ndani ya mwezi mmoja, ambayo ni theluthi nzima. Cherehani yangu haijawahi kuniletea faida ya namna hiyo hata msimu wa sare za shule, na sidhani kama sufuria lako la wali linaweza. Afisa mikopo alikuwa kijana mpole sana siku ya kusaini. Upole wake uliishia siku ya kwanza niliyochelewa, alipokuja kukaa kwenye benchi la wateja wangu na kuwaeleza mmoja mmoja kwamba mimi ni mdaiwa. Nikakopa kwingine ili nimwondoe pale. Msinicheke, wengi wenu mnaosoma hapa mmefanya hivyo hivyo, ila hamjaandika.

Hata hivyo, mkopo ulikuwa ni matokeo tu. Kilichonigharimu zaidi kuliko riba zote ni karatasi moja niliyoisaini nikiwa na akili zangu timamu. Mzazi mwenzangu alikuwa na bodaboda mbili alizowapa vijana waendeshe, na tulipoachana wazee wa pande zote mbili walikaa, wakashauri tusipelekane mbele ya sheria kwa sababu "mambo ya familia humalizwa na familia", wakaandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari. Sentensi yenyewe bado naikumbuka: baba atatoa huduma ya watoto kadiri atakavyojaliwa. Nikasaini, mashahidi wakasaini, tukanywa soda. Mwanzoni alijaliwa, baadaye hakujaliwa tena, ingawa kwa neema za Mungu alijaliwa kununua pikipiki ya tatu. Kidogo alichokuwa akitoa kilikuja taslimu kwa mkono wa dada yake, bila ujumbe wa simu wala risiti, hivyo siku nilipohitaji kuonyesha kwamba aliwahi kuwahudumia watoto na kwamba aliacha, sikuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa machozi, ambayo hayagongwi muhuri.

Nilipotaka kwenda mbele nilikutana na yule ninayemkasirikia hadi leo. Alikuwa bwana mmoja mwenye meza na mashine ya kuchapa jirani na jengo la mahakama, anayeandikia watu barua, na kwa sababu alivaa tai nikadhani ni mwanasheria. Alinitoza fedha ya ushauri, akaniambia kwamba mwanamke ambaye hakufunga ndoa hupangiwa shilingi 100 kwa mwezi, basi nirudi nyumbani nisijisumbue. Nilirudi. Baadaye sana nikaelezwa na msaidizi wa kisheria, bila malipo yoyote, kwamba kikomo hicho cha shilingi 100 kilikuwepo kweli katika sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, lakini sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Yaani bwana yule aliniuzia dawa iliyokwisha muda wake, akachukua na chenji. Na naona wewe pia umeandika kwamba "nimesikia mahakamani hawatoi kitu kwa asiye na ndoa", kwa hiyo biashara yake inaendelea vizuri.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyo kwa Tanzania Bara (Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011). Wajibu wa kumtunza mtoto ni wa wazazi wote wawili, wawe na ndoa au wasiwe nayo, na matunzo hayo ni pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Unaanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, ambaye humwita mwenzako na kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, maombi hupelekwa Mahakama ya Watoto. Mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine anaowajibika kwao kila mmoja, na gharama za maisha za mahali watoto wanapoishi. Inataka pia kuona kwamba mwanamume aliombwa matunzo akakataa au akapuuza, na ndiyo maana nasema dai kwa maandishi: ujumbe wa simu wenye tarehe, wenye majina ya watoto na kiasi unachoomba. Huko kumwachia Mungu, dada yangu, hakuachi kumbukumbu yoyote kwenye jalada.

Akikana kwamba yeye ni baba, bado haijaisha. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa ni ushahidi, kukiri kwake mbele ya watu ni ushahidi, na mahakama inaweza kuagiza vipimo vya vinasaba. Hata kukataa kupimwa huzingatiwa. Kwa mwanamume anayekana, sheria inaweka uzito mkubwa kwenye swali la kama alitoa fedha za matunzo katika kipindi cha mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, na kuna vikomo vya muda wa kufungua maombi. Ndiyo sababu nakukataza kupokea hata shilingi moja kwa mkono wa shangazi au rafiki. Aitume kwenye simu, na ujumbe huo usiufute hata simu ikijaa. Futa picha za harusi za watu.

Kwetu sisi tuliojiajiri kuna ugumu ambao wenye waajiri hawaujui. Baba mwenye mshahara ana hati ya mshahara, lakini aliyejiajiri huwa maskini ghafla anapoitwa: wangu alisema mbele ya afisa kwamba pikipiki ni za rafiki yake. Kadi za usajili zilikuwa na jina lake, na nilikuwa na picha ya kadi moja, jambo ambalo lilimnyamazisha vizuri zaidi kuliko hotuba yangu yote. Kumbuka lakini kwamba na wewe utaulizwa unaingiza kiasi gani. Ukijibu "inategemea", utaonekana unaficha. Anza leo kuandika kwenye daftari mauzo ya siku, mchele, mkaa, mafuta na kinachobaki. Mimi nilianza kwa shingo upande na sasa ndilo daftari hilo hilo ninaloonyesha TRA, watu wa kodi ya mapato.

Kiasi nilichopangiwa hakijanitajirisha, maana kinalipa chumba na mafuta ya taa tu, lakini kinaingia kila tarehe 5 na sikirejeshi kwa mtu. Ningekidai mapema, wale watu wa kausha damu wasingelijua benchi langu.

Kuhusu mkopo wa halmashauri, kwa kifupi: ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024, na wanawake huupata kupitia kikundi, si mmoja mmoja. Muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Ni mkopo wa biashara, kwa hiyo usiuombe ukiwa na mawazo ya kulipia chumba, na usiingie kwenye kikundi kilichokusanywa na dalali kwa sababu tu kinahitaji jina la kukamilisha idadi. Ada ya shule ya serikali usiikopee pia, kwani haipo tangu mwaka 2016; kinachokuumiza ni sare, madaftari na michango, na hivyo vyote viandike kwenye orodha ya matunzo pamoja na bei zake.

Jumatatu nenda Ustawi wa Jamii ukiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, orodha hiyo ya gharama, ujumbe uliomtumia mwenzako na majibu yake, pamoja na chochote kinachoonyesha kazi anayoifanya na mahali anapopatikana. Mkifikia makubaliano hapo ofisini, soma kila mstari kabla ya kusaini: kiwepo kiasi kwa tarakimu, tarehe ya kulipa, namba ya simu ya kupokelea, na nani analipa mtoto akilazwa. Wakiandika "kadiri atakavyojaliwa", rudisha karatasi waandike upya.