Shangazi, mama mkwe anataka turubai, mimi nataka ukumbi

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, nina saluni ya viti viwili hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwetu ni Iringa. Mchumba wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ni mwalimu wa sekondari. Mahari imeshatolewa na harusi ni Julai, miezi miwili imebaki. Shida yangu ni mama mkwe. Mimi nataka ukumbi mzuri hapa mjini, yeye anataka tufungie kanisani kwao Tukuyu na sherehe iwe uwanjani chini ya turubai. Nimechagua gauni la mabega wazi, amesema nitaumwa. Nimepanga niingie ukumbini nikicheza na baba mkwe, amekataa mbele ya kamati nzima, watu kama 20. Bajeti yangu ni milioni 22, yeye anasema 9 zinatosha. Mkononi tuna milioni 6 na kamati bado haijamlipa mtoa huduma hata mmoja. Kwa kuogopa kuwakosa, mpambaji na wapiga picha wa drone nimeshawatangulizia milioni moja na nusu mwenyewe, nitarudisha michango ikiingia. Mchumba wangu siku hizi kwenye vikao ananyamaza tu, halafu ameniuliza mara mbili hela ya mpambaji ilitoka wapi, kama vile ananishuku. Shangazi, nimwambie achague mimi au mama yake? Sitaki siku yangu iharibike.

Bibi harusi mtarajiwa, Mbeya

Marahaba mwanangu, na kamwene ya kwetu Iringa. Pole. Kukataliwa mbele ya kamati nzima kunauma, na bibi harusi ambaye miezi miwili kabla ya harusi hapati usingizi namwelewa. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako umeijaza ukumbi, gauni na mama mkwe. Mwenye kukuoa amejitokeza mwishoni kabisa, na hata hapo kazi uliyompa ni mbili tu: kunyamaza, na kuuliza hela. Mimi nitaanza na hilo swali lake, maana la turubai na mabega ni dogo.

Hela ya harusi inakaa kwa mweka hazina, na haitoki mpaka kikao kiseme itoke. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba kamati haijamlipa mtu. Sasa milioni moja na nusu ya mpambaji na drone imetoka wapi? Saluni ya viti viwili Mwanjelwa naijua ilivyo. Kuna kodi ya fremu, kuna umeme, kuna dawa na rasta za kununua, kuna msichana wa kukusaidia anayesubiri chake kila jioni. Hela ya namna hiyo haibaki kwenye droo. Umekopa, mwanangu. Na kwa jinsi ulivyokimbilia kusema "nitarudisha michango ikiingia", naona umekwenda kwa wale wa kausha damu, wanaokupa leo na wiki ijayo wako mlangoni. Kama nimekukosea, andika tena unisute.

Mchumba wako ni mwalimu. Mwalimu akiuliza swali lile lile mara ya pili, jibu analo. Amekuachia nafasi ulitaje mwenyewe kabla hajaambiwa na watu, wewe ukaona anakushuku. Kunyamaza kwake kwenye vikao nakuelewa hivi: utasemaje "tupunguze" mbele za watu, wakati mchumba wako ameshapeleka hela na hujui ya nani?

Mficha uchi hazai. Mwambie, na umwambie kabla kanisa halijaanza kutangaza ndoa yenu. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe si chini ya siku 21 kabla, na zile Jumapili za matangazo zipo ili mwenye neno aseme. Wewe ndiye mwenye neno. Kaa naye pembeni, bila mashoga zako, umwoneshe karatasi ya mkopo: kiasi, riba, tarehe. Kama wamekupa hela bila karatasi, au wanashikilia kadi yako ya benki na kitambulisho cha NIDA, hilo nalo liseme. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wengi wa hawa wa mtaani ukiwauliza leseni wanabadilisha mazungumzo. Halafu mpange jinsi ya kulipa kwa kipato chenu. Michango usiiguse. Hiyo watu wametoa wale harusi, hawakutoa ulipe riba.

Sasa mama mkwe. Nitasema wazi kwamba niko upande wake karibu kwa kila kitu.

Wewe unaona milioni 22, yeye anaona daftari. Mama wa Tukuyu wa rika lake ana kaunta buku ndani ya sanduku, limechakaa pembe, limeandikwa kwa kalamu za rangi zote: mama fulani, harusi ya mwanawe, elfu ishirini na debe la mchele. Mzee fulani, msiba, elfu kumi na mkungu wa ndizi. Upande mmoja ni waliompa, upande wa pili ni aliowapa. Wewe na mwanawe mkishakata keki mtarudi mjini kwenye maisha yenu. Yeye atabaki pale kijijini akirudisha, harusi hadi harusi, msiba hadi msiba, mpaka azeeke. Kila laki unayoiongeza kwenye bajeti kwa ajili ya moshi wa kuingilia ukumbini inaandikwa upande wake wa madeni. Ile milioni 9 hakuiokota hewani. Nina hakika alikaa na lile daftari akahesabu nani atatoa kweli na nani atatoa maneno.

Na maneno ndiyo mengi. Kamati zetu nimezikalia, nazijua. Mtu anasimama na soda mkononi, anapigiwa makofi, anasema "mimi na familia yangu laki tano". Mwezi unakatika. Mweka hazina anampigia, simu inaita tu. Kwenye group anaweka mikono ya kuomba. Wiki ya harusi anatuma elfu hamsini na kuuliza kama kadi yake ni ya double. Anayepanga kwa ahadi anaishia kukimbizana na mwenye ukumbi saa tano usiku, bwana harusi akiwa na suti na jasho. Panga kwa kilichopo. Mna 6 mkononi, na mama anasema 9. Kama zikiingia nyingine, hakuna aliyewahi kushindwa kuongeza nyama.

La kucheza na baba mkwe limenisikitisha, na hapo nakulaumu wewe peke yako. Umechumbiwa na Mnyakyusa na hukuuliza? Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawakutazamana. Akimwona anakuja, binti alipita pembeni, akajifunika na kugeuka. Ilikuwa heshima kubwa kuliko shikamoo. Siku hizi wengi wameliacha, wanapeana mikono kanisani na maisha yanaendelea. Lakini mzee aliyelelewa hivyo unamtoa jukwaani akate mauno na mke wa mwanawe, MC akimpigia kelele "baba shuka chini", huku wenzake wa kanisani wanatazama? Mama mkwe hakukuonea wivu. Alimfichia mumewe aibu. Alikukatalia mbele ya watu 20 kwa sababu ulilitangaza mbele ya watu 20. Ungemnong'oneza jikoni, angekukatalia jikoni. Sisi Iringa tunacheza na mashemeji mpaka vumbi linatimka, sawa, kacheze na shemeji.

Gauni, haraka haraka. Julai nyanda za juu kusini ni baridi, usiku tunashuka chini ya nyuzi 10. Vaa mabega wazi ukitaka, ila mshonaji akushonee kikoti kifupi cha lesi, kabla midomo haijawa ya bluu kwenye picha.

Mahali ndipo penye mjadala wa kweli, na hapo mama mkwe naye asikilize. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ya malori. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, ndiyo ufike Uyole. Halafu ukunje kushoto, zaidi ya kilomita 50 za kona za kuelekea Tukuyu. Wazee wako wakipanda Coaster alfajiri ya Jumamosi wafike mbio mbio kanisani, watafika wamevimba miguu au hawatafika kabisa. Wewe hukuligusa hilo hata kidogo, ulishughulika na taa za ukumbi. Hiyo ndiyo hoja ambayo mama mwenye akili kama huyu angeisikiliza.

Kwa hiyo: send-off Iringa ifanyike wiki moja kabla, usithubutu kuiweka Ijumaa na harusi Jumamosi. Wazee watakaokuja Tukuyu wafike siku moja kabla, na huyo mama anayetaka wageni kwake awatafutie vyumba, hiyo ni kazi yake na ataifanya kwa furaha. Ibada iwe asubuhi, watu wakae mezani mchana jua likiwa bado lipo, na saa moja jioni kila mtu awe anaaga. Turubai liwe na kuta. Chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto, wali wa Kyela, ndizi, nyama ya kutosha, basi. Nimeona sherehe za ukumbini ambapo hotuba zilianza saa mbili na chakula kikaja saa tano, mchuzi umeganda mafuta juu kwa baridi, na watoto wamelala kwenye viti. Hakuna aliyekumbuka taa.

Hii "siku yangu" mmeitoa wapi nyinyi? Kwenye simu, najua. Unakaa na kitabu cha picha za watu wa Dar es Salaam na nchi za mbali, halafu unataka mwalimu wa sekondari na wazazi wake wa Tukuyu wakulipie. Bibi yako aliolewa kwa ngoma, pombe na ng'ombe, na siku ile ilikuwa ya ukoo mzima, yeye akiwa ameinamisha kichwa. Sisemi muinamishe vichwa. Ila sasa tumefika mahali kitchen party ina kamati yake, send-off ina kamati yake, harusi ina kamati yake, kila moja na sare yake ya kitenge, na watu wale wale wanachangishwa mara tatu. Kisha vyombo vilivyotolewa kitchen party vinauzwa mtandaoni kabla ya mwaka kwisha, kulipa mkopo wa mapambo. Wenye ndoa zilizokaa siwasikii wakinisimulia ukumbi wao.

Ulichoniuliza hasa, kama umwambie achague wewe au mama yake: usithubutu. Mwanamume anayeweza kumtupa mama yake kwa sababu ya turubai, wewe atakutupa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Tena kwa hali ilivyo leo, na mkopo ukiwa mfukoni mwako, nisingejiamini kwamba atakuchagua wewe.

Fanya hivi. Wiki hii mwambie mchumba wako. Wiki ijayo, siku ya kazi watu wakiwa wachache, panda gari uende Tukuyu na shangazi yako wa damu, sukari na sabuni mkononi, bajeti iache nyumbani. Umwombe mama mkwe radhi kwa lile la baba, halafu umuulize akuoneshe alivyozipata zile 9. Sikiliza mpaka amalize ndipo utaje wazee wako na barabara. Kwa mpambaji, umwambie afanye kazi ya turubai kwa hela aliyokwisha kula. Na wale wa drone wapigie leo uone watakurudishia kiasi gani, kabla Julai hujawalipa wapige picha ya ukungu.